Yah: Ombi la Kupiga Marufuku Falsafa Siku za Jumapili Kabla Kuku Hajaiva

Anselme Vaugrenard,
Mtaa wa Chemchemi,
Saint-Aubrin.

Kwa Mheshimiwa Bibi Meya,
Ofisi ya Mji,
Saint-Aubrin.

Mheshimiwa Bibi Meya,

Tafadhali husika na kichwa cha barua hapo juu. Kwanza nakujulia hali wewe na madiwani wako wote. Mimi ni mzima wa mwili. Yanayonisumbua ni haya nitakayoyaeleza, na hayana tiba katika duka la dawa, kwa sababu aliyekuwa na duka la dawa ndiye aliyeyaleta.

Unanifahamu vizuri. Nimekuwa mwalimu wa udereva wa mji huu mpaka nilipostaafu, na wewe mwenyewe nilikufundisha kurudi nyuma. Sitayataja yale maua ya mbele ya posta, yameshaota upya. Ninachotaka kusema ni kwamba maisha yangu yote nimeishi kwa imani moja: nyekundu ni simama, kijani ni nenda. Sijaona mtu aliyeumia kwa kuiamini imani hiyo, na waliokuwa na mashaka nayo nimewatembelea hospitali.

Sasa nije kwenye Baraza la Falsafa linalokutana kila Jumapili asubuhi katika Mkahawa wa Farasi Mweupe chini ya uenyekiti wa Bwana Cyprien Delmotte, mfamasia mstaafu. Utaratibu wao unaujua. Kila mtu anaandika swali kwenye karatasi, karatasi zinatiwa kwenye kofia, maswali yanasomwa, watu wananyoosha mikono, na swali lililoshinda linajadiliwa mpaka kahawa ipoe. Anayeshika mwiko wa kupikia ndiye anayesema. Asiye na mwiko ananyamaza, jambo ambalo katika nchi yetu halijawahi kuonekana popote, hata bungeni.

Mwanzoni walikuwa watu wanne na mbwa, nami nikanyamaza. Nilisema, waache wazee wacheze. Lakini sasa hata pa kukanyaga hakuna mle ndani, na ugonjwa umetoka mkahawani umeingia mitaani. Hata Bwana Cyprien mwenyewe ningemwacha, lakini namjua. Nilimfundisha udereva akafeli, akarudia akafeli tena, kwa sababu alikuwa akisimama kwenye taa ya kijani na kuniuliza, "Mwalimu, ruhusa hii tunapewa na nani hasa?" Huku nyuma magari yanapiga honi mpaka ndege wanahama mitini.

Shina la malalamiko yangu ni kuku. Lakini kuku ni jambo la nyumbani, kwa hiyo nitaanza na ya mtaani, watu wasije wakasema Anselme amemwandikia Meya kwa ajili ya tumbo lake.

1. Mkate.

Jumapili mimi ndiye ninayetumwa mkate. Tangu dunia iumbwe nimeingia dukani kwa Bi Perrichoux nikasema, "Mmoja, usioiva sana," naye akanipa, nikaenda zangu. Bi Perrichoux akajiunga na Baraza. Jumapili iliyofuata nikasema maneno yangu yale yale, akaweka mikono kiunoni akaniambia, "Usioiva sana ukilinganisha na upi, bwana Anselme? Maana mkate hauivi sana wala kidogo peke yake. Unaiva mbele ya mwingine."

Nikamwambia, "Bi Perrichoux, nipe tu ule pale."

"Ule pale kwako, au ule pale kwangu?"

Foleni ilitoka dukani, ikavuka barabara, ikafika kwenye ngazi za kanisa. Nyuma yangu mwanamke mmoja akapiga kelele, "Jamani, ana nini huyo mzee, hajui anachotaka?" Yaani mimi! Nilitoka na mkate mweusi kama kiatu, na kwa mshangao wangu nilikuwa nimemshukuru.

2. Tufe.

Unajua kwamba mimi na Lucien Barbotin tunatupa tufe za chuma pale uwanjani chini ya miti ya ofisi yako, na kwamba tumenuniana mara nyingi kwa heshima kuhusu tufe ya nani iko karibu zaidi na kile kigololi cha mbao tunachokilenga. Ndiyo urafiki wetu. Mwanamume akikosa mtu wa kugombana naye kuhusu upana wa kidole, anazeeka upesi.

Siku Baraza lilipojadili kama kushinda ni aina ya uonevu, Lucien alifika uwanjani macho yake yamelegea. Tufe yake ilitua karibu, wazi kabisa, hata kipofu angeipigia makofi. Nikatoa futi ya kupimia. Akanishika mkono. "Acha, kaka. Chukua wewe ushindi. Mimi sitaki kumtawala mtu."

Nami, Mheshimiwa, ni mtu mwenye hadhi yangu. Nikamwambia, "Sitaki sadaka yako. Umeshinda wewe." Akasema, "Umeshinda wewe." Nikamwambia, "Lucien, usinichokoze, nimeshindwa na ninajivunia." Tukashindana kushindwa mpaka tukashikana mashati, na katika kushikana huko nikaanguka, naye akapaza sauti, "Mnaona? Kashinda!" Tangu siku ile hatujacheza. Tufe zangu ziko kwenye buti la gari, kila nikikata kona zinagongana, na moyo wangu unagongana nazo.

3. Njia panda ya mnara wa saa.

Hili nalisema nikiwa mtaalamu. Sheria yetu inasema anayetoka kulia ndiye mwenye haki ya kupita kwanza. Ni sheria nzuri, nimeifundisha kwa upendo. Ina kasoro moja ndogo tu: yakifika magari manne kwa pamoja kutoka pande zote nne, kila mmoja ana mtu kuliani kwake, na kwa mujibu wa kitabu wote wanapaswa kungoja mpaka kiama. Kwa kawaida hili halitokei, kwa sababu katika Wafaransa wanne daima yumo mmoja asiye na adabu, naye hupita, na nchi inasonga mbele.

Jumapili ile Baraza lilikuwa limetoka kujadili swali, "Je, ukarimu una mipaka?" Yakafika magari manne, yote ya wanafalsafa. Hakupita mtu. Huyu anampungia huyu mkono, "Tafadhali, pita." Huyu naye, "Hapana, tafadhali wewe." Kisha wakashuka. Kisha wakaweka viti. Bwana Cyprien, ambaye hana leseni na alikuwa abiria tu, akapendekeza wapige kura, na mwiko ukatolewa garini.

Nikatokea na mkate wangu, nikaona aibu hii kwenye njia panda niliyofundishia watu kizazi baada ya kizazi. Nikasimama katikati, nikanyoosha mkono. "Wewe wa gari la bluu, pita!" Yule wa gari la bluu akanitazama kwa upole, akaniuliza, "Kwa idhini ya nani, babu?"

Babu! Mimi nilikuwa na jibu, Mheshimiwa. Tatizo ni kwamba sikuwa na mwiko.

4. Padri.

Anafupisha mahubiri ili awahi kiti cha dirishani pale Farasi Mweupe. Sitaongeza neno, nina ndugu watawa.

5. Daraja.

Daraja la kinu cha zamani lina ufa, na baraza la madiwani lilikutana kujadili matengenezo. Nilikuwepo kwenye viti vya wananchi. Diwani mmoja akasimama, nia yake njema kabisa, akasema, "Kabla ya kulitengeneza, je, tunajua daraja ni nini? Ni mawe, au ni ile nia ya watu ya kuvuka?" Ukumbi mzima ukaguna kwa kuridhika. Mwisho ikaamuliwa kwamba nia ya kuvuka iko imara na haihitaji saruji.

Sitaki kumtaja aliyeongoza kikao kile. Nasema tu kwamba alikuwa na mkufu wa umeya shingoni, na kwamba Jumapili iliyotangulia mtu wa kimo chake alionekana Farasi Mweupe, meza ya tatu, akinyoosha mkono. Huenda ni pacha wako.

6. Kuku.

Sasa nimefika.

Mke wangu anaitwa Huguette. Tulioana tukiwa vijana na kila Jumapili ananiokea kuku. Kama unavyojua, mgongoni mwa kuku, pale juu ya mapaja, kuna vipande viwili vya nyama, vidogo, laini, vimejificha kwenye vishimo vya mfupa. Wazee wetu walivipa jina la "mjinga hukiacha", kwa sababu asiyemjua kuku huviacha kwenye mifupa, paka akafaidi. Tangu ndoa yetu ianze, Huguette amekuwa akimgeuza kuku, akivichomoa vyote viwili kwa ncha ya kisu na kuviweka kwenye sahani yangu. Hakuna neno lililosemwa. Hivyo ndivyo nilivyokuwa nikijua kwamba ni Jumapili na kwamba ninapendwa.

Ni lazima uelewe kwamba Huguette havipendi vipande hivyo. Ninajua hivyo kwa hakika, kwa sababu hajawahi kuvila.

Basi akaenda Farasi Mweupe. Alisema anamsindikiza Bi Perrichoux tu. Akarudi kachelewa, mashavu mekundu, kuku kakauka, na alipomgeuza yule kuku kisu kikasimama hewani. Akaniuliza, "Hivi, Anselme, kwa nini vyote viwili?"

Nikadhani ni mzaha. Nikamwambia, "Kwa sababu viko viwili."

"Na sisi tuko wangapi?"

Nilimweleza kwamba ni desturi. Akasema hata kukata vichwa vya watu uwanjani kuliwahi kuwa desturi katika nchi hii. Nikamwambia, mke wangu, unanifananisha na mashine ya kukatia vichwa? Akasema hapana, yeye anauliza tu. Wanauliza tu! Hivyo ndivyo wanavyosema wote.

Kesho yake akanipa notisi ya mgomo, siku kadhaa kabla kama sheria inavyotaka, akaibandika kwenye jokofu. Jumapili ilipofika nikamkuta mbele ya oveni baridi na bango la boksi: VIPANDE VIWILI, WATU WAWILI, HESABU NI RAHISI. Mimi nami ni raia. Nikatoka uani nikafanya maandamano ya kupinga mgomo, nikauzunguka mti wa tufaha kwa utulivu na nidhamu. Kwa hesabu ya mwandaaji, maandamano yalihudhuriwa na mtu mmoja. Kwa hesabu ya Huguette, aliyekuwa akitazama dirishani, yalihudhuriwa na nusu yake.

Mchana tulikula jibini na mkate mweusi wa Bi Perrichoux. Kisha Huguette akaweka kisu chini akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeomba chumvi, "Miaka yote hii sijawahi kukuuliza swali, mume wangu. Nimeuliza moja tu, nawe unaandamana."

Mheshimiwa, sikulala mchana ule, na mimi kwa kulala mchana wa Jumapili ni mtu wa kutolewa mfano. Ninaogopa, na nasema wazi. Mke anayeuliza kuhusu mgongo wa kuku leo, kesho atauliza kuhusu upande wa kitanda, keshokutwa kuhusu mimi mzima. Mtu akiniuliza Anselme ni wa nini, nitamjibu nini? Sina kitabu cha kufundishia hilo. Ninaogopa kwamba atakwenda Farasi Mweupe Jumapili moja, kofia itoe jina langu, mikono inyooshwe, na nishindwe kwa kura.

Kwa sababu hizo, na kwa kuzingatia kwamba nchi hii ilikwisha kuuliza maswali yake makubwa zamani na ikapata sikukuu ya mapinduzi yenye fataki, naomba ofisi yako itoe amri ifuatayo.

Falsafa ipigwe marufuku ndani ya mipaka ya mji kila Jumapili, tangu kuku anapoingia ovenini mpaka anapokuwa ametoka, amekatwa, amegawanywa kwa desturi, na ameliwa.

Katika maeneo ya makazi kuwe na kikomo cha mwendo: "kwa nini" moja kwa mlo. Nje ya mji ziruhusiwe mbili, ila mvua ikinyesha irudi moja. Vibao vya duara vyenye alama ya kuuliza iliyokatwa mstari mwekundu niko tayari kuvichora mwenyewe.

Pawe na leseni ya kufikiri, yenye pointi. Anayeuliza "haki ni nini" mezani apoteze nusu ya pointi. Anayeuliza huku ameshika kisu apoteze zote na arudi darasani. Anayejifunza abandike herufi mgongoni, watu wampishe. Bwana Cyprien asipewe leseni hiyo kwa mtihani wa kwanza wala wa pili, kwa uzoefu nilionao.

Mwisho, Baraza liamriwe kurudisha mwiko. Mwiko ule ni wetu. Huguette aliutoa jikoni kwetu akaupeleka kwa wanafalsafa, na tangu hapo mchuzi wangu unakorogwa kwa uma.

Nisalimie madiwani wote, nisalimie karani wako mwenye kikohozi, msalimie Padri ukikaa naye dirishani. Nisalimie pia daraja, kama bado lina nia. Huguette angekusalimu, lakini hajui kwamba ninakuandikia.

Ni mimi raia wako mtiifu, nisimamaye penye nyekundu na ningojaye kuku,

Anselme Vaugrenard,
Mwalimu wa Udereva (Mstaafu).

Nyongeza: Barua hii imechelewa kwa sababu posta nao waligoma, na hapo katikati Jumapili nyingine ikapita. Naona ni haki ujue yaliyotokea.

Nilikwenda Farasi Mweupe kukusanya saini za watu wanaoniunga mkono. Nilitaka kusimama mlangoni tu. Bi Perrichoux akaniambia, "Ingia bwana, unaleta baridi," nikaingia. Kofia ikazungushwa, swali likasomwa, na nikautambua mwandiko wa Huguette: "Je, kipande cha mjinga ni cha nani?" Mikono yote ikanyooshwa. Wa kwako ulikuwa juu kabisa, Mheshimiwa, kwa hiyo yale ya pacha nayafuta.

Bwana Cyprien akanipa mwiko wangu mwenyewe akaniambia, "Karibu, Mwalimu. Safari hii hakuna wa kukupigia honi." Nilikusudia kusema neno moja. Nilieleza desturi, nikaeleza ndoa, nikaeleza sheria ya anayetoka kulia, nikajipinga, nikajijibu, nikajipinga tena. Lucien alijaribu kuninyang'anya mwiko nikamsukuma, akasema kwa furaha, "Huyo ndiye Anselme ninayemjua!" Tumekubaliana kucheza tufe keshokutwa, na futi ya kupimia ataleta yeye. Saa ya mnara ikagonga nikiwa bado kwenye utangulizi, na kwamba kuku yumo ovenini lilikuwa jambo lililonitoka kabisa kichwani. Huguette alikuwa amesitisha mgomo, akatangulia huko mkahawani, akaniachia mimi kazi ya kumtazama.

Tulimkuta amekuwa mkaa. Huguette akamweka mezani, akamgeuza kwa sababu ya mazoea, akachokoa. Mle kwenye vishimo vya mgongo, chini ya ule mkaa wote, vilikuwa vimebaki salama vile viwili. Akaniwekea kimoja. Cha pili akakitia mdomoni, akafumba macho, akatafuna polepole sana.

Nikamwuliza, "Kumbe unavipenda?"

Akasema, "Sana. Kwa baba yangu nilikuwa napewa vyote viwili."

Nimekaa na jibu hilo tangu juzi, Mheshimiwa, na kila nikilitazama linanitazama. Kwa hiyo naomba uichane barua hii, isipokuwa ukurasa wa leseni, maana Bwana Cyprien bado ni hatari barabarani. Badala yake naomba ukumbi wa mji kwa Jumapili asubuhi, kwa sababu Farasi Mweupe hapatoshi tena na mimi sijamaliza utangulizi.

Leo nimemwambia Huguette kwamba Jumapili hii vyote viwili ni vyake. Ameniuliza kwa nini.

Ninakwenda Farasi Mweupe kuazima mwiko.